Hofu haikuanzia kitabuni

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kama riwaya za kisayansi ambazo watu wazima huwafanyia vijana majaribio zinawatia watoto wetu hofu ya hospitali na ya watafiti. Mimi ni muuguzi mstaafu, ninaishi Moshi, na katika aina hiyo nimesoma kitabu kimoja tu, The Maze Runner cha Mmarekani James Dashner, kilichotoka mwaka 2009. Nilikisoma kwa sababu mtoto wa kaka yangu, aliye Kidato cha Tatu, alikuwa akikitumia kufunikia kikombe chake cha chai, nikataka kujua ni kitu gani kinamkesha usiku kucha kisha asubuhi kinageuzwa kifuniko.

Kwa wasiokijua, kijana Thomas anazinduka ndani ya lifti yenye giza akiwa hakumbuki chochote isipokuwa jina lake, na anapotolewa anajikuta kwenye uwanja uliozungukwa na kuta ndefu za mawe, pamoja na wavulana wengine walioletwa vivyo hivyo. Milango ya kuta hufunguka asubuhi na kujifunga jioni, na nje yake kuna vichochoro visivyo na mwisho na madude yanayoua. Baadaye (mnisamehe ambao hamjafika huko) inabainika kwamba waliowafungia humo ni wanasayansi wanaotafuta tiba ya ugonjwa unaoharibu ubongo, na kwamba Thomas mwenyewe alishiriki kuuandaa mtego huo kabla ya kufutiwa kumbukumbu.

Jibu langu ni hapana. Hofu hii ina umri mkubwa kuliko kitabu, tena ilipita karibu na kwetu. Mwaka 1906 hadi 1907, Robert Koch, daktari Mjerumani aliyekuwa ametoka kupewa tuzo ya Nobel, aliweka kambi katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, akawadunga wagonjwa wa malale dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu, iitwayo Atoxyl; dozi ilipoonekana haitoshi akaiongeza, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, madaktari wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, ingawa penisilini ilikuwa imeshakuwa tiba ya kawaida tangu miaka ya 1940. Na hayo yaliendelea hata baada ya mwaka 1947, pale mahakama iliyowahukumu huko Nuremberg, Ujerumani, madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio ilipoweka kanuni kumi, ya kwanza ikiwa kwamba mtu hafanyiwi jaribio bila ridhaa yake ya hiari.

Hapo ndipo riwaya ilipolenga sawasawa. Wavulana wale wanateseka na wengine wanakufa, lakini kilichonikaa moyoni ni kwamba hakuna aliyewauliza. Kasoro ninayoiona ni ndogo, ila kwangu ina uzito: kitabuni dhuluma ina kuta za mawe, kila mtu anaiona. Katika miaka yangu ya kazi sikuona ukuta hata mmoja. Niliona fomu ya ridhaa yenye kurasa sita, foleni ndefu, na mama mwenye mtoto mgongoni akiniambia, “Nesi, wewe si umesoma? Niwekee tu hapo panapotakiwa.” Nikamshika kidole gumba, nikakichovya kwenye wino, nikakikandamiza juu ya karatasi, kisha nikamwita anayefuata. Utafiti wenyewe ulikuwa mzuri na haukumdhuru. Hata hivyo, nikiulizwa leo kama mama yule aliridhia, sina la kujibu.

Sheria na taratibu tunazo. Utafiti wa tiba nchini huhitaji kibali cha maadili, na mtoto chini ya miaka 18 hutiliwa saini na mzazi au mlezi. Kinachobaki ni mtoto mwenyewe, ambaye tumezoea kumwambia anyooshe mkono.

Mwezi uliopita kijana wangu alirudi na fomu kama hiyo kutoka shuleni. Walihitaji damu kidogo. Nilikuwa nimeshashika kalamu aliponiuliza, “Shangazi, nikikataa watanifanya nini?” Nikamwambia hawatamfanya kitu. “Imeandikwa wapi?” Ilinibidi nivae miwani. Ilikuwa ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo. Akaisoma mwenyewe kwa sauti, akauliza damu itatunzwa kwa muda gani na nani ataitumia baadaye, maswali ambayo katika kazi yangu yote sikuwahi kuulizwa na mgonjwa. Hilo la pili fomu haikulijibu, akaliandika kwa penseli pembeni.

Siku ya kutoa damu, dada aliyekuja na vifaa aliisoma ile penseli, akatoka nje kupiga simu, akarudi na jibu. Kijana akakunja mkono wa kushoto wa shati.

Msomaji wenu, Moshi