Soma Alama Kabla ya Kuamuru Ukarabati: Faili Zisizopona Katika GlusterFS

Kila anayesimamia hifadhi ya GlusterFS (mfumo unaotunza faili kwenye seva kadhaa kwa pamoja) yenye nakala zaidi ya moja hatimaye hukutana na orodha ya faili zinazosubiri kukarabatiwa, yaani nakala zake kufananishwa tena, orodha ambayo haipungui hata mfumo ukiachwa usiku kucha. Wengi hukimbilia kuamuru ukarabati kamili, na wengine huingia moja kwa moja kwenye diski za seva na kuanza kufuta. Kwa uzoefu wangu, njia zote mbili huongeza matatizo, kwa sababu mara nyingi mfumo wenyewe umekwisha kuandika ni nakala ipi iliyopitwa na mabadiliko.

Hata hivyo, kabla ya kusoma alama zozote, hakikisha kwamba sehemu zote za mfumo ziko hai. Amri ya `gluster volume status` huonyesha kila briki, yaani saraka ya seva inayobeba nakala, pamoja na programu ya ukarabati katika kila seva. Briki iliyozimika huwashwa kwa `gluster volume start data force` (hapa `data` ni jina la hifadhi), bila kuzisumbua zilizo hai.

Jambo linalosahaulika mno ni kwamba seva za GlusterFS hazinakiliani zenyewe: mashine inayotumia hifadhi ndiyo inayoandika kwenye briki zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mashine moja tu ikizuiwa na kinga ya mtandao (firewall) isifikie poti ya briki mojawapo (seva husikiliza poti 24007, na briki hupewa poti kuanzia 49152), kila inachoandika huingia upande mmoja na kuzaa kazi mpya ya ukarabati. Nimewahi kushughulikia hifadhi ambayo seva zake zote zilionekana nzima na ukarabati ulikuwa unafanikiwa, lakini orodha ikawa inajaa tena muda mfupi baadaye. Chanzo kilionekana tulipoendesha `gluster volume status data clients`, tukakuta mashine moja imeunganishwa na briki ya kwanza, ilhali kwenye briki ya pili haimo kabisa. Tangu hapo hicho ndicho kipimo changu cha mapema kila orodha inapokataa kupungua.

Mawasiliano yakiwa salama, nenda kwenye kila briki usome alama hizo, yaani sifa za ziada ambazo mfumo huziandika kwenye faili, kwa `getfattr -d -m . -e hex`. Kusoma tu, usibadilishe kitu. Tuseme kwenye briki ya kwanza sifa ya `trusted.afr.data-client-1` ina thamani `0x000000020000000000000000`. Tarakimu 24 zinazofuata `0x` zimegawanyika sehemu tatu za tarakimu 8: ya kwanza ni yaliyomo ndani ya faili, ya pili ni ruhusa na umiliki, ya tatu ni orodha ya majina ndani ya saraka. Kwa kuwa hesabu huanzia sifuri, `client-1` ni briki ya pili. Briki ya kwanza, basi, inaituhumu ya pili kwamba kuna mabadiliko ya yaliyomo ambayo haikuyapata. Tuhuma ikiwa ya upande mmoja, programu ya ukarabati huimaliza yenyewe. Kwa kawaida hupitia faharasa yake (orodha ya faili zinazosubiri) kila sekunde 600, na `gluster volume heal data` huiharakisha. Ukarabati kamili hupekua hifadhi nzima, kwa hiyo uache kwa ajili ya diski iliyopotewa na data yote.

Pande zote mbili zikituhumiana, mfumo hukataa kuchagua na programu inayofungua faili hupokea kosa la kusoma. Hapo unaruhusiwa kuamua kwa ukubwa (`bigger-file`), kwa muda wa mabadiliko (`latest-mtime`), au kwa kutaja briki ya kuaminiwa (`source-brick`). Binafsi siiamini njia ya muda kwa faili za hifadhidata, kwa kuwa muda hueleza nani aligusa mwisho, wala hauelezi ni nakala ipi iliyokamilika. Nakili pande zote mbili mahali pengine, zichunguze kwa programu inayozitumia, ndipo utaje briki. Anayefuta faili kwa mkono ndani ya briki huacha kiungo chake ndani ya saraka iliyofichwa ya `.glusterfs`, na kiungo hicho huendelea kushikilia yaliyomo ya zamani na kuvuruga ukarabati.

Nakala mbili haziwezi kupata wingi wa kura zikitofautiana. Ongeza ya tatu, au angalau briki ya msuluhishi, ambayo hutunza majina na sifa za faili bila yaliyomo na hivyo haihitaji diski kubwa.

Ukarabati ukiisha, usitosheke na orodha tupu. Rudia `getfattr` uone sifuri kila upande, kisha, faili ikiwa haiandikwi, linganisha `md5sum` (tarakimu zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo ya faili) kwenye kila briki yenye yaliyomo kabla ya kuwaruhusu watumiaji kuifungua.