Jibu: Niuze nyumba ya urithi nitoe sadaka, au kuna njia nyingine?

Wa alaykum salaam ndugu. Umeuliza kama uiuze ile nyumba ya marehemu baba hapo Ng'ambo, Zanzibar, uwape pesa watoto wa madrasa, na kama hiyo itahesabiwa zaka.

Zaka hapana. Zaka ni wajibu wenye kiwango chake, asilimia 2.5 ya fedha iliyofika nisabu (kiwango cha chini kinachowajibisha zaka) na kukaa mwaka, na wanaoistahiki ni makundi 8 tu. Utakachotoa wewe ni sadaka ya hiari.

Mimi ningekushauri usiuze. Iweke wakfu. Nyumba inabaki palepale, haiuzwi, hairithiwi tena, na kodi ya wapangaji ndiyo inayolipa mwalimu na kununua misahafu mwaka baada ya mwaka. Pesa taslimu ikigawiwa leo, mwakani watoto watarudi kukutazama usoni.

Ila kwanza, ni yako peke yako? Kama ndugu zako hawajapewa mafungu yao, huna cha kuweka wakfu zaidi ya fungu lako. Na ukiiacha kwa wasia badala ya kuitoa sasa hivi, theluthi moja ya mali yako ndiyo mpaka.

Andika hati, iwe na mashahidi, utaje msimamizi na atakayemfuata, na utenge sehemu ya kodi kwa matengenezo. Hili watu hulisahau, bati linavuja mpaka wapangaji wanahama. Kisha nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, hapo Zanzibar, ukaisajili. Na kwa msomaji mwenye nyumba Mombasa, huko ni Wakf Commissioners.