Bakuli la Tambi: Maswali Yenu Kuhusu Migahawa ya Kiasia

Rameni yangu, zile tambi za Kijapani ndani ya supu, iligeuka bokoboko kabla sijaimaliza. Mpishi alikosea?

Huenda ni gumzo lenu. Tambi za rameni hukandwa kwa unga wa ngano na maji yenye chumvi za magadi, jamaa ya yale tunayotia kwenye maharage. Hayo ndiyo yanayozipa umanjano na ule ukakamavu wa kutafunika. Mpishi huziopoa mapema kidogo kwa sababu zitaendelea kuiva ndani ya supu ya moto. Ukimaliza dakika kumi ukipiga picha, zimeshanywa supu na kuvimba. Anza na tambi. Yai na nyama vitasubiri. Ukibeba nyumbani, omba supu na tambi vifungwe mbalimbali.

Menyu inasema "supu ya kuku". Yatosha kwa Mwislamu?

Haitoshi. Uliza mambo matatu. Kwanza, mifupa: wapishi wengi huchanganya ya kuku na ya nguruwe, na tonkotsu yenyewe ni supu ya mifupa ya nguruwe. Pili, mirin, mvinyo mtamu wa mchele unaotiwa kwenye sosi nyingi za Kijapani, hata ile linamolowekwa yai la rameni. Tatu, karai: je, tambi zako zinakaangwa palepale ilipokaangwa nyama ya nguruwe? Kuchagua bakuli la mboga si kinga, maana mboga zaweza kuelea juu ya supu ileile. Mhudumu akisitasita, mwombe akaulize jikoni.

Ngano inanidhuru. Nikila tambi za mchele niko salama?

Tambi zenyewe, ndiyo. Sosi ya soya ya kawaida, hapana: hutengenezwa kwa soya na ngano. Soba nazo, tambi nyingine za Kijapani, ingawa nafaka yake si ngano, mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Anayedhurika na karanga aiogope pad thai, tambi za mchele za Kithai zinazokaangwa na kunyunyiziwa karanga.

Chakula changu kilifika, cha mwenzangu kikachelewa. Ni dharau?

Ni utaratibu. Migahawa ya Wagamama, iliyoanza London mwaka 1992, inajulikana kwa mtindo huu pamoja na meza ndefu za kuchangia: kila sahani hutoka inapoiva. Kula chako kingali moto.

Vijiti vinanishinda.

Kijiti cha chini kilaze kwenye panda ya kidole gumba, kikiegemea kidole cha pete, hicho hakisogei. Cha juu kishike kama kalamu, nacho ndicho kinachofungua na kufunga. Makosa ya wengi ni kuvishika karibu mno na ncha. Usivisimamishe wima kwenye wali. Kwa Wajapani hiyo ni sadaka ya maiti. Uma nao hauna aibu.

Nisiyezoea, nianze na nini?

Mtu wa Pwani ajaribu laksa, supu ya tambi yenye viungo, ile ya tui la nazi. Ina dagaa-kamba waliochachushwa, kwa hiyo harufu isikushtue. Kamua ndimu, koroga, ndipo uonje pilipili.