Kinu cha Mama Hakikuwa Kuni

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Bungoma aliniandikia kwamba kinu alichoachiwa na mama mkwe wake kimepasuka kutoka mdomoni hadi karibu na kitako, na kwamba mumewe anataka kukichanja kiwe kuni. Niliusoma ujumbe huo mara tatu nikiwa nimesimama jikoni kwangu Manyatta, hapa Kisumu, kwa sababu jambo analoliogopa lilinipata mimi.

Mama yangu alipofariki mwaka wa 2018, wageni walijaa nyumbani kwetu Vihiga, na siku ya tatu ya matanga kuni zikatuishia. Nilipotoka nje alfajiri, nilikuta mchi wa kinu chake ukiwaka chini ya sufuria ya chai. Nusu yake moja, ile iliyokuwa imelainika kwa viganja vya mama, ilikuwa bado imechomoza nje ya mafiga. Wifi yangu ndiye aliyeutia motoni. Alisema hakuna anayetwanga siku hizi, na kwa kweli hata mama mwenyewe alikuwa ameanza kupeleka mahindi yake kwenye mashine ya kusaga, lakini nilikichomoa kile kipande, nikakizima kwa majivu, na tangu siku hiyo sijalisahau jambo lile.

Kipande hicho chenye urefu wa futi mbili hivi ndicho kilichonifundisha kazi hii. Nilikwangua makaa kwa kisu, nikakisugua kwa msasa mkavu, kisha nikakining'iniza kwa kamba mbili juu ya sinki, na sasa ndicho ninachotundikia taulo za jikoni. Ncha iliyoungua niliiacha ikiwa nyeusi.

Kinu chenyewe kilinishinda mara ya kwanza. Nilikijaza udongo mvua za Machi zilipoanza, nikapanda dania, bila kutoboa hata tundu moja. Maji yalituama, dania ikageuka manjano, na nilipomwaga udongo nilikutana na harufu ya kuoza iliyonifanya nitamani kulia. Niliona kana kwamba nimemaliza kwa mikono yangu mwenyewe kazi ambayo moto ulikuwa umeianza.

Nilikiinua, nikakipindua, nikakiacha kivulini wiki tatu. Nasema kivulini, wala si juani, kwa kuwa mbao iliyolowa ikianikwa kwenye jua la Kisumu hukauka haraka upande wa nje huku ndani ikiwa bado na maji, na hapo ndipo nyufa huzaliwa. Baadaye nilikipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko la Kibuye, akanitobolea matundu matano kwa keekee, kila moja likitosha kidole. Kinu kilikuwa na ufa, na fundi alitaka kuuziba kwa gundi na kukipaka kinu kizima vanishi. Nilikataa, kwa sababu chombo kitakacholowa na kukauka kila siku hutanuka na kusinyaa, na gundi haidumu mahali kama hapo. Badala yake alikizungushia pete mbili za chuma, kama zile za pipa. Nilikiweka juu ya matofali matatu ili maji yatoke na mchwa wasikifikie kwa urahisi, nikatandika gunia ndani, kokoto chini, udongo na samadi juu. Mbegu za dania nilizivunja vipande viwili kwa kuzisugua na jiwe, kwa kuwa kila punje hubeba mbegu mbili, na zilichomoza baada ya siku kumi. Mgeni mmoja alitaka kunipa shilingi 4,000 nimwuzie kinu hicho. Nilimkaribisha chai.

Vitu vingine ni vyepesi. Miiko iliyovunjika huwa vitundikio vizuri ikipigiliwa kwenye ubao. Kibao cha chapati kilichopinda nimekifanya trei, ila nilikosea kwa kukipaka mafuta ya kupikia, ambayo yalichacha na kunuka chapati ya juzi. Sasa natumia nta ya nyuki, ninayoiyeyusha katika bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kisha naipaka kwa kitambaa. Kibao cha kukatia nyama msikifanye cha kuwekea mkate mpaka fundi akipige randa, kwa maana mikato ya kisu huhifadhi mafuta na uchafu usiofikiwa na sabuni. Na kila mara, kausheni kwanza, tena kivulini.

Tumezoea kujaza nyumba zetu rafu za plastiki zinazopasuka kabla ya mwaka kwisha, huku tukiona aibu mgeni akikuta kinu sebuleni. Aibu hiyo tumeiokota wapi? Mwanamke aliyekitumia kinu hicho alilisha watu kumi kutoka ndani yake.

Dada yangu wa Bungoma, kipindue kinu chako leo hii, ukiweke kivulini, na usikitie maji wala gundi. Ikiwa ufa haujafika kitakoni, pete mbili zitatosha. Ukiwa umefika, kigeuze kiwe kigoda, kwa kuwa kitako cha kinu ni kipana na hakiyumbi. Na mchi, kama bado upo, uhamishie chumbani kwako kabla ya wageni kuja na kuni kupungua.