Nani Anaitaraji Dhoruba?

Swali: Shikamoo Maalim. Mimi nipo Wete, Pemba, nafasiri habari za nje za redio. Juzi nilipewa habari ya hali ya hewa ya Marekani, nikaiandika hivi: "Dhoruba ya mwisho wa kipupwe inatarajiwa kuleta theluji ambayo itageuka mvua." Mwenzangu akashika kalamu, akasema lazima iwe "itageuka kuwa mvua". Nani kapata?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mmepata nyote. Kiswahili kinasema "kageuka jiwe" na hakuna aliyewahi kuuliza "kuwa" imekwenda wapi. Mwenzako naye hajakosea, kaongeza neno tu. Ila nyote mmepitwa na jambo moja: theluji iliyokwisha kulala barabarani haigeuki mvua, inayeyuka ikawa maji. Kinachobadilika ni kile kinachodondoka. Huko juu kunaanza theluji, halafu hewa ya uvuguvugu kutoka baharini inajipenyeza katikati, theluji inayeyuka njiani, na anayetembea chini anapata mvua. Hewa ya chini ikibaki na baridi yake, mvua hiyo hiyo inaganda ikigusa tawi au lami, na hiyo ni balaa nyengine. Kwa hiyo semeni tu "itaanguka theluji, kisha itanyesha mvua", na mpangilio muushike vizuri, kwani mambo huenda kinyume pia. Tarehe 31 Machi 1997 Boston ilianza kwa mvua, usiku ikaja theluji, na hadi kesho yake ilikuwa imelala zaidi ya sentimita 60. Aliyepindua maneno siku ile alipindua habari nzima.

Ugomvi wenu umekwisha. Sasa niachieni wangu, maana tangu niisome sentensi yenu jicho langu limenasa pengine kabisa: "inatarajiwa".

Kutaraji tumelichukua kwa Waarabu, na mzizi wake ni matumaini. Halina zaidi. Mwenye mume safarini anataraji. Mwanafunzi aliyefanya mtihani vizuri anataraji. Anayetaraji ana hamu na jambo, roho yake inalivuta lije. Haya, fungua redio yoyote msimu wa masika usikilize: "Upepo mkali unatarajiwa kuezua mapaa." Nauliza, na nimeuliza miaka mingi bila ya kujibiwa: nani huyo anayetaraji? Mwenye nyumba? Mpangaji wake? Zunguka soko la Darajani lote, labda utampata mmoja, muuza mabati, na yeye pia hatalisema kwa sauti. "Idadi ya waliokufa inatarajiwa kuongezeka." Hapo wenye kutaraji ni akina nani, warithi?

Mtu wa Pemba ndiye wa mwisho kuhitaji somo hili. Chukua mvua moja, ya siku moja. Mwenye mpunga bondeni, mbegu imo ardhini na ardhi imekauka, huyo anaitaraji, tena anaiombea dua. Panda kidogo kilimani kwa mwenye karafuu. Zimeanikwa majamvini, zimeanza kushika rangi lakini hazijakauka, na kila wingu likipita anainua kichwa. Tone la kwanza likianguka hapo huita watoto wake na wa jirani, na hata mgeni aliyekuja kunywa chai atajikuta ameshika pembe ya jamvi. Huyo anaitaraji mvua? Mtangazaji anayesema "mvua inatarajiwa kisiwani Pemba" amekwisha kuchagua upande: kasimama na mwenye mpunga, kampa mgongo mwenye karafuu, na wala hajijui.

Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu kwa mashamba mazima, Pemba ikasalimika zaidi. Mtu akiandika kwamba kimbunga kile "hakikutarajiwa", nitamkubalia kwa mikono miwili. Hakuna aliyekijua na hakuna aliyekitaka. Katika kukanusha neno hili linakaa vizuri. Wanaponiudhi ni katika kukubali.

Najua nitaambiwa nini. Maalim, lugha inakwenda, siku hizi kutarajia ni kungojea tu, liwe jema liwe baya. Nimesikia. Kwa wenye kuandika barua na wenye kupiga soga barazani sina neno, waseme wapendavyo, bakora yangu nimeitundika zamani. Lakini mtabiri wa hali ya hewa ana kazi mbili, kusema nini kitakuja na kusema ana uhakika kiasi gani, na "inatarajiwa" inaiua hii ya pili. Mtendaji hayumo, kiwango hakimo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa tahadhari hutaja uwezekano wa jambo kutokea, na mbali na huo ikataja kiwango cha athari. Baharia akisoma anajua apime nini. Ikifika studio, vyote viwili vinasagwa pamoja, linatoka "inatarajiwa", na baharia anabaki pale alipokuwa.

Na si kwamba maneno tumekosa! Tuna huenda, tuna yaelekea, tuna yamkini, tuna inakisiwa. Jambo la shari lina lake kabisa, inahofiwa. Usipotaka kuegemea kheri wala shari, ipo inatazamiwa. Wapo wanaoikwepa hii kwa kuwa inanukia uganga, wakisema kutazamia ni kwa mpiga ramli. Basi waukimbie na utabiri wenyewe, maana asili yake kwa Waarabu ni kuagua ndoto.

Yaliyobaki ni madogo. Kipupwe ni chetu, Juni hadi Agosti, kusi likivuma, watu wanatoa masweta kwa baridi ya digrii ishirini na kitu. Machi ya Boston ina theluji, na Machi yetu kaskazi inakatika masika yanaingia. Andika "majira ya baridi" usimchanganye bibi yako anayesikiliza. Ijapokuwa vitabu vya skuli vimekwisha kukibandika kipupwe kila nchi duniani, na kwa hilo nimechoka kupigana. Theluji nayo huanguka, mvua hunyesha. Wazee wa shamba husema mvua yanya, na watu wa mjini wakicheka wanaonesha kuwa Kiswahili cha zamani hawakukisikia kwao. Usiite theluji barafu kwa kuwa eti Wafursi, yaani Waajemi, waliotupa neno hilo, kwao barf ndiyo theluji. Kwetu barafu ni ile ya kuwekea samaki.

Sentensi yako basi: "Wataalamu wanasema huenda dhoruba ya baridi iliyochelewa ikapiga; itaanguka theluji, kisha itanyesha mvua." Mhariri wako akiirudisha kaichomeka "inatarajiwa", mwandikie pembeni, kwa adabu, umuulize yeye huko Marekani ana ndugu gani anayemtakia hayo.