Je, neno "betsa" linaifanya kila faida kuwa dhuluma?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nanunua mahindi wakati wa mavuno, nayauza bei ikipanda. Mhubiri mgeni alitufundisha kwamba faida kwa Kiebrania ni *betsa*, kwamba asili yake ni "kukata", yaani kumkata mwenzako kipande, na kwamba ndilo neno alilotumia Yuda walipotaka kumuua Yusufu (Mwanzo 37:26). Kwa hiyo kila faida ni dhuluma. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Kuhusu mzizi hakukosea. Kitenzi chake kinamaanisha kukata, na katika Isaya 38:12 Hezekia aliyekuwa mgonjwa anajiona kama nguo inayokatwa kutoka kitanda cha mfumi. Shida ni hatua aliyoruka baada ya hapo. Sisi hukata tiketi, hukata rufaa, hukata shauri, na hakuna aliyeshika kisu. Mzizi unaeleza neno lilikotoka. Maana yake huamuliwa na sentensi lilimokaa.

Sasa tazama sentensi zenyewe. Yuda anauliza *mah betsa*, "yafaa nini" tukimuua ndugu yetu? Maneno hayo mawili yako pia katika Zaburi 30:9, mwombaji anapomuuliza Mungu kuna faida gani katika damu yake akishuka shimoni, na katika Malaki 3:14, watu wanapolalamika wamepata faida gani kwa kuyashika maagizo. Ni namna ya kuuliza tu, kama sisi tunavyosema "itatusaidia nini?" Ukitia dhuluma ndani yake, itabidi useme mwenye zaburi anamtuhumu Mungu kwa wizi. (Kwamba Yuda alikuwa na hesabu mbaya kichwani ni kweli, lakini hilo tunalijua kutokana na mstari wa 28, Yusufu anapouzwa kwa vipande 20 vya fedha. Hatulijui kutokana na neno.)

Hali hubadilika *betsa* inapokuwa kitu cha kufuatwa, kupokewa au kuchukiwa. Katika Kutoka 18:21, Yethro anamshauri Musa achague waamuzi wanaoichukia. Biblia ya Kiswahili inasema "mapato ya udhalimu", na imefanya vema. Wana wa Samweli wanaiendea, wanakula rushwa na kupotosha hukumu (1 Samweli 8:3). Yeremia 6:13 inasema wote wameishika, mdogo kwa mkubwa. Huku ndiko neno linakonuka, na mara nyingi wanaotajwa ni watu wenye mamlaka: waamuzi, wakuu, manabii, makuhani.

Wafasiri wa kale walioitia Torati katika Kiyunani waliliona hilo. Katika Mwanzo 37 waliweka neno la "chenye manufaa", katika Kutoka 18 wakaweka "kiburi". Neno moja la Kiebrania, maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, kwa sababu walisoma sentensi nzima.

Tena *betsa* si neno pekee la faida. Mithali 14:23, "katika kila kazi kuna faida", ina *motar*, kutoka mzizi wa kubaki au kuzidi, ndugu wa *yitron* ya Mhubiri 1:3. Mwanamke wa Mithali 31 anaona biashara yake ni njema, na neno la mstari wa 18 linatokana na mzizi uleule unaotoa jina la mfanyabiashara, yule anayezunguka na bidhaa. Hapo mchuuzi anasifiwa waziwazi. Riba nayo ina neno lake, *neshekh*, na halihusiani na gunia lako.

Kwa hiyo usiache biashara kwa sababu ya *betsa*. Lakini kwa kuwa wewe ni mtu wa mahindi, ningekuwa mimi ndiye mhubiri ningekusomea Mithali 11:26: azuiaye nafaka watu watamlaani, bali baraka itakuwa kichwani pake auzaye. Mstari huo haugusi bei uliyonunulia wala uliyouzia. Unauliza kama ghala lilifunguliwa watu walipohitaji kula. Na "auzaye" kwa Kiebrania ni *mashbir*, jina analopewa Yusufu katika Mwanzo 42:6, njaa ilipokuwa imeenea na ndugu zake, Yuda akiwemo, wamekuja Misri kununua nafaka kwake.