Chapa Iliyofutika Nusu: Majibu kwa Wakusanyaji wa Visu vya Kukunja

Barua nne za mwezi huu zimetoka mikoa ya Mtwara na Lindi, na zote zinahusu visu vya kukunja vya zamani. Nimeipa ya kwanza nafasi kubwa kwa sababu swali lake ndilo ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine.

SWALI: Marehemu babu aliniachia kisu cha kukunja alichokuwa akikitumia msimu wa korosho, kutenganishia korosho na mabibo. Mpini wake ni wa mti uliopambwa kwa miezi na nyota za madini, na mgongoni kuna pete inayovutwa ili ubapa ukunjike. Upande mmoja wa mpini ulishabadilishwa, ukawekwa mpingo. Juzi amekuja mtu kutaka kukinunua akisema ni cha enzi ya Mjerumani, lakini akaongeza kwamba ule mpingo umekishushia thamani. Ukweli ni upi? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Kwa namna ulivyokieleza, kisu chako ni Okapi. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, vikapewa jina la yule mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu kabla. Tangu mwaka 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Kwa hiyo jina, miezi na nyota havitoshi kumwambia mtu kwamba ameshika kitu cha enzi ya Mjerumani, kwa kuwa kisu cha namna hiyo hiyo kinaweza kuwa kilinunuliwa dukani miaka thelathini iliyopita.

Kinachosema ni chapa iliyogongwa kwenye ubapa, chini kabisa karibu na bawaba. Usiiguse kwa msasa. Weka tone moja la mafuta ya taa juu yake, uliache usiku kucha, kisha asubuhi ufute taratibu kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa. Toka nje kabla jua halijawa la utosini, ukiinamishe kisu ili mwanga ukipige kwa ubavu, maana mwanga wa juu huficha herufi na mwanga wa ubavuni huziinua. Kama bado hazisomeki, funika chapa kwa karatasi nyembamba na upitishe penseli laini juu yake bila kukandamiza. Mimi nimewahi kushinda asubuhi nzima na ubapa ambao macho yangu hayakuona kitu, lakini karatasi ikanipa herufi nne za mwisho za neno Solingen, mji wa mafundi visu wa Ujerumani, nazo zikanitosha.

Hata hivyo, neno Solingen peke yake linataja mji na halitaji mwaka. Ukikuta maneno yenye maana ya Ujerumani Magharibi, kisu hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka 1949, ilipoundwa dola hiyo. Ukikuta neno la Kiingereza lenye maana ya Ujerumani tu, jua kwamba desturi hiyo ina historia yake: mwaka 1887 Uingereza ilipitisha Sheria ya Alama za Bidhaa, iliyotaka bidhaa za kigeni zenye majina au chapa za kufanana na za Kiingereza zioneshe zilikotoka, na mafundi visu wa mji wa Sheffield, Uingereza, walikuwa mstari wa mbele kulalamika kwamba visu vya Solingen vinauzwa kwa jina la mji wao. Visu vya Kijerumani viliendelea kuuzwa duniani baada ya Ujerumani kupoteza makoloni yake, na ndiyo maana mnunuzi anayekuambia “enzi ya Mjerumani” anapaswa kukuonesha ameisoma wapi.

Sasa kuhusu mpingo. Naomba usiutoe, na wala usitafute mti mwingine wa kuufananisha na upande wa pili. Fundi aliyeuweka alijua kazi yake, kwa kuwa mpingo ni mgumu kuchongeka na ukitobolewa kwa haraka hupasuka penye ribiti, yaani vipini vya chuma vinavyoshikilia mpini. Kuna wakusanyaji wanaotaka kila kipande kiwe kilivyotoka kiwandani, na sikatai kwamba hao watalipa kidogo. Kwangu mimi, kisu cha kiwanda kilichotengenezwa kwa wingi ni kimoja kati ya vingi, lakini kisu chenye ubavu wa mpingo uliochongwa na mkono wa kwetu hakina pacha. Weusi uliotanda kwenye ubapa nao uuache, kwani ukakasi wa bibo ukikutana na chuma hukipaka rangi isiyotoka, na rangi hiyo ndiyo ushahidi wa misimu ambayo babu yako aliingia shambani.

SWALI: Nikilima nimeokota kisu kikubwa cha kukunja kilichoganda kwa kutu. Kina ubapa mfupi mpana, kifungulio cha makopo, na chuma kirefu kilichochongoka kama sindano nene. Kuna alama ya mshale. Je, ni cha vita? (Msomaji, Nachingwea)

JIBU: Mshale mpana wenye mistari mitatu inayokutana kwenye ncha ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na kisu ulichoeleza ni cha askari wa jeshi la nchi hiyo. Chuma kilichochongoka kilikuwa cha kufungulia mafundo ya kamba na kuunganishia kamba.

Kwa sehemu yenu, kisu cha namna hiyo kinaweza kuwa kilifika kwa njia mbili. Mwaka 1917 majeshi ya Waingereza yalipigana na ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, katika nchi ya Lindi, na mapigano makali zaidi yalikuwa ya Mahiwa, mwezi Oktoba. Miaka thelathini baadaye, ulipoanza Nachingwea mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa mashamba makubwa, ukaendelea hadi mwaka 1951, vifaa vingi vilivyobaki kutoka Vita Kuu ya Pili viliingizwa nchini kwa kazi hiyo. Mara nyingi visu hivi vina mwaka uliogongwa karibu na ule mshale, kwa hiyo jibu lako huenda limelala chini ya kutu.

Kizamishe chote katika mafuta ya taa kwa wiki nzima, ukibadilisha mafuta yakichafuka. Usikifungue kwa koleo, kwani ubapa wa zamani huvunjika pale palipochimbwa alama ya kuingizia ukucha. Andika pia mahali ulipokiokota na kina chake ardhini, ungali unakumbuka. Na ukikuta risasi au kombora mahali hapo, liache lilipo na uwaite polisi.

SWALI: Nina kisu kidogo chenye mpini mweupe. Rafiki aliye nje ya nchi anataka nimtumie kwa posta. Nitajuaje kama ni pembe ya ndovu? (Msomaji, Lindi mjini)

JIBU: Chukua kioo cha kukuzia. Mfupa una vitundu au vijistari vifupi vyeusi. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo, na penye ncha iliyokatwa huonesha mistari inayopishana kama ukili uliosukwa. Kama mistari ni mingi, imenyooka na iko sawasawa mno, huenda ni seluloidi, ambayo ukiisugua kwa kidole hadi ipate joto hutoa harufu ya kafuri. Seluloidi iweke mbali na visu vingine, kwa sababu ikizeeka hutoa mvuke unaokula chuma cha jirani.

Ikiwa ni pembe, usiitume wala usiiuze. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwa na nyara ya serikali, yaani sehemu ya mnyamapori kama hiyo pembe, bila kibali. Nenda ukaripoti kwa ofisa wanyamapori kabla hujaulizwa.

SWALI: Tuko watano hapa Mtwara tunaokusanya visu. Mmoja wetu anavipaka mafuta ya nazi, na mwingine akigundua jambo hulificha akihofia bei kupanda. Tufanyeje? (Msomaji, Chikongola)

JIBU: Mafuta ya nazi huchacha na kugandisha bawaba. Tumieni mafuta ya cherehani, tone moja, na katika upepo wa chumvi wa pwani mrudie kila mwezi.

Kuhusu mwenzenu, nasema kwa uchungu: nimewaona wazee wawili wakifariki na maarifa ya chapa ambazo leo hakuna anayezisoma, na visu vyao vikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Nunueni daftari moja la pamoja. Kila kisu kipate ukurasa wake wenye urefu wa ubapa kwa milimita, karatasi ya penseli ya chapa, na jina la mahali kilikopatikana. Anayekisia aandike kwamba anakisia.

Msomaji wa Mikindani, nitumie karatasi ya penseli ya pande zote mbili za ubapa, pamoja na picha ya ribiti za upande wa mpingo. Nitazichapisha hapa kando ya zile za Okapi yangu, ili watano wa Chikongola wawe na ukurasa wa kuanzia.